Kuweka Kikomo cha Samaki Usiowahesabu: Mhadhara wa Lamu

Assalaam alaykum wazee wangu, manahodha, akina mama karanga mnaokaanga samaki, nanyi vijana mliokimbilia kivulini huko nyuma.

Mzee mmoja wa Kizingitini aliniuliza, "Mwanangu, utawekaje kikomo cha samaki usiowahesabu?" Swali lake ndilo limenileta hapa. Kwanza nikiri kwamba daftari nene nalo si hirizi. Kanada walikuwa na meli za utafiti na rekodi za miaka mingi, na bado mwaka 1992 walilazimika kufunga uvuvi wa samaki aina ya kodi huko Newfoundland, samaki wakiwa wamekwisha.

Sasa tazameni huyu tafi. Ametoka kwenye dema, ule mtego wa samaki, asubuhi hii. Namlaza ubaoni, mdomo uguse kizuizi, nasoma kwenye panda ya mkia: sentimita 19. Nampasua. Hana yai hata moja, vifuko vya mayai vyembamba kama uzi. Huyu hajazaa bado. Kati ya tafi 100 mkinionyesha 70 wa namna hii, sihitaji kompyuta kujua mnavua watoto. Mtaalamu wa samaki Rainer Froese aliandika mwaka 2004 kwamba vitu vitatu vyatosha kuanzia: wangapi wamekomaa, wangapi wamefikia urefu unaolipa zaidi kuvuliwa, na wangapi ni wakubwa wa kuzaa sana. (Kwa chewa jihadharini: huanza maisha akiwa jike, akikua hugeuka dume. Ukimaliza wakubwa, umemaliza waume.)

Kikomo chenyewe je? Huko Ulaya, baraza la utafiti wa bahari lenye makao Copenhagen lilianza mwaka 2012 kutumia kanuni hii kwa samaki wasio na takwimu za kutosha: chukua wastani wa kipimo cha wingi wa samaki kwa miaka 2 ya karibuni, ugawanye kwa wastani wa miaka 3 iliyotangulia, kisha jibu uzidishe kwa kikomo. Tuseme chombo kilikuwa kikileta kilo 10 kwa safari, sasa kilo 8. Ni 0.8. Kama kikomo kilikuwa kilo 1,000, kinashuka hadi 800. Na hakuna kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 20 kwa mara moja, ili mvuvi asizirai.

Lakini kilo hudanganya. Ukiweka mashine chomboni ukaenda mbali zaidi, utaleta kilo zilezile huku maji ya karibu yamebaki matupu. Kwa hiyo andikeni na saa mlizokaa baharini, na mahali. Na msilinganishe msimu wa kusi na wa kaskazi, mtajitia wazimu.

Kwa maoni yangu, kikomo cha kilo kifae kamba koche tu, maana yule hupita mikononi mwa matajiri wachache wanaonunua, na anahesabika. Dema lenye aina 20 za samaki, nani atapimia kila aina kikomo chake? Hapo afadhali kupunguza madema, kupanua matundu, au kufunga mwamba mmoja samaki wapumue. Na tusisubiri: FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliandika tangu 1995 kwamba uhaba wa takwimu si kisingizio cha kuahirisha hatua.

Kapu la pili ndilo hilo linaingia. Nani atanishikia kalamu?