Mnakwenda Misri, Basi Mfike

Waalaykumu salaam. Fadhila za kutafuta elimu sitazirudia, masheikh walionitangulia wamezimaliza. Na Azhar ya Cairo, mnakokwenda kusoma, nayo mnaijua, msikiti ulianza kujengwa mwaka 970 na watu wangali wanasoma. Mimi nina jambo moja, na wanaonijua naona wameshaanza kucheka. Vijana wetu wanakwenda Misri na hawafiki.

Mtu anatua Cairo, anapokewa na mtu wa kwao, anapelekwa fleti ya Madinat Nasr iliyojaa vijana wa Tanga, Lamu na Unguja. Atasonga ugali, atabishana mpira kwa Kiswahili, ataenda darasani, atarudi kulala. Miaka inakwisha hivyo. Akija huku tunamwita ustadhi, na hajawahi hata siku moja kugombana na muuza nyanya kwa Kiarabu.

Dawa ninaisema kila mwaka: pandeni maikrobasi, tena mkae kiti cha nyuma ya dereva. Kule mara nyingi hakuna konda. Nauli inatoka viti vya nyuma, inapita mkono kwa mkono, na aliyekaa mbele ndiye anayeangukiwa na hesabu zote. Bibi kaleta noti ya 50, anasema watu wawili. Mwanafunzi katoa 10, yuko peke yake. Mzee wa kiti cha mwisho anapiga kelele, chenji yangu iko wapi? Dereva anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili kaunyoosha kwako, anauliza mbona pesa pungufu. Hapo huna nafasi ya kutafuta iirabu, ile miisho ya maneno ya vitabuni. Utahesabu Kimisri upende usipende, utaomba radhi, utafokewa kidogo, na kabla hamjafika Ataba, katikati ya mji, umeshaulizwa unatoka wapi, una mke, na je, simba wa kwenu wanaingia majumbani?

Kuna kijana tulimpokea, sarufi yote ya Kiarabu iko kichwani. Alipotaka kushuka akasema, kila irabu ya mwisho mahali pake: "Qif min fadlika, ayyuha s-saaiq!" Yaani, simama tafadhali, ewe dereva! Gari zima liligeuka. Mama mmoja akamuuliza kama anaigiza tamthilia ya Ramadhani. Dereva alicheka mpaka akapitiliza kituo. Watu wanasema "ala gamb, ya usta", pembeni hapo, fundi, wanashuka, wanakwenda zao.

Sasa najua, yuko mzee hapo mbele anasema moyoni, ammiya, Kiarabu cha mtaani, itawaharibia fusha, Kiarabu cha vitabuni. Haya. Mwalimu wa kule akishasoma matini, anaisherehesha, yaani anaifafanua, kwa lugha gani? Mara nyingi ni Kimisri hichohicho, jimu imekuwa ga, qafu imemezwa. Mwanetu kahifadhi matini, sherehe haimwingii. Nani kaharibikiwa? Fusha someni, tena sana, mimi si adui yake. Lakini mgeni aliyejifunzia Kiswahili chake kwenye taarifa ya habari, mtupe soko la Kongowea asubuhi, tuone atarudi na nini kikapuni.

Mwingine atasema fitina, vishawishi vya mjini. Fitina mnayo mfukoni, kwenye simu. Beba kopi ya pasi na karatasi ya ukaazi, usipige picha askari wala kambi, tembea. Na nyinyi mabinti, metro ina mabehewa ya wanawake katikati ya treni, kwa hiyo udhuru huo nao umeondoka.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Pwani nzima hii sisi ni Mashafi, wafuasi wa Imam Shafi. Sala tunasali kwa madhehebu yake, ndoa tunafungishana kwa madhehebu yake. Imam mwenyewe, aliyefariki mwaka 820, kazikwa Cairo hiyohiyo, upande wa kusini, penye makaburi ya Qarafa, chini ya kuba lililojengwa na Sultani al-Kamil mwaka 1211. Juu ya kuba kuna kijahazi cha madini, hamtapotea. Namuuliza mtu aliyerudi na shahada, ulimzuru? Ananijibu, palikuwa mbali. Mbali! Umetoka Pemba ukavuka bahari, ukapanda ndege, teksi ndiyo ikakushinda? Wamisri wenyewe wana ada ya kumwandikia Imam barua, za kesi zao na dhuluma walizotendewa. Sisemi muige, na mjadala huo leo siuingii, masheikh hapa wana bakora. Nasema kaeni nje pale, sikilizeni mama wa Kimisri anavyomsimulia mwenziwe shida zake. Kwenye silabasi hakuna hilo.

Nilitaka kuwaambia habari za redio ya Cairo, iliyorusha matangazo kwa Kiswahili miaka ya 1950 kuwasema wakoloni, na vijana wa Zanzibar walikuwemo studioni. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Vitabu vya mitumba viko Azbakiya, karibu na Ataba. Maonyesho ya vitabu huanza Januari. Alexandria kuna treni, nendeni.

Mambo ya viza na tiketi muulizeni katibu, mimi si mtu wa makaratasi. Naam, kijana mwenye kofia nyeupe. Ah, nyote mna kofia nyeupe. Wewe, uliyeegemea nguzo. Swali, si hotuba.