Saa Tisa Ile Haikuwa Saa Tisa: Kuweka Meseji za Kukumbusha Miadi Kliniki

Shikamooni wakubwa wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya kuunganisha meseji za kukumbusha miadi na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Naona hapa kuna watu wa masjala, wauguzi na vijana wa TEHAMA. Nafurahi mmekaa pamoja, maana kazi hii huharibika pale inapoachiwa kundi moja.

Nianze na mama mmoja. Ilikuwa alasiri, nafunga mlango wa masjala, nikamkuta kwenye benchi la kliniki ya shinikizo la damu, yuko peke yake. Kliniki ile huanza asubuhi, na ikifika saa nane mchana daktari amekwisha kurudi wodini. Nikamwamkia, nikamuuliza anamsubiri nani. "Namsubiri daktari, mwanangu. Si mmeniambia saa tisa?" Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa simu yake ya kitochi, akanipa nisome mwenyewe. Kweli tulikuwa tumemwandikia: "Unakumbushwa kufika kliniki kesho saa 9:00."

Yule mama hakukosea hata chembe. Saa tisa ni saa tisa: jua limeanza kulala na adhana ya alasiri inakaribia. Kompyuta ilihesabu kutoka usiku wa manane, yeye akahesabu kutoka kuchomoza kwa jua, kama alivyohesabu maisha yake yote. Kiolezo cha ile meseji nilikiandika mimi. Na kwenye ripoti ya mfumo, meseji yake ilikuwa na alama ya kijani: imefika. Kwa hesabu za kompyuta, siku ile hatukuwa na tatizo lolote. Mama alikuwa amepanda magari mawili, dawa zimemwishia, na anarudi nyumbani bila kupimwa.

Tangu siku ile nashikilia jambo moja, na ndilo lililonileta hapa. Meseji ya kukumbusha ni sehemu ya faili la mgonjwa, na haiwezi kuwa sahihi kuliko faili lililoizaa. Kununua huduma ya kutuma meseji na kuiunganisha na mfumo, kijana anayejua kazi yake anamaliza ndani ya siku chache. Wiki zinazobaki ni za kusafisha faili.

Tumalizane kwanza na saa. Mfumo unahifadhi 09:00, na uachwe uhifadhi hivyo hivyo, msiuguse. Kinachobadilishwa ni kile kinachoandikwa kwenye meseji: ondoa sita, halafu ongeza wakati wa siku. 07:00 inakuwa saa 1 asubuhi, 09:00 saa 3 asubuhi, 12:00 saa 6 mchana, 14:00 saa 8 mchana. Msitegemee kuchagua "Kiswahili" kwenye mipangilio ya lugha. Mipangilio hiyo hubadilisha majina ya siku na miezi, lakini saa inabaki ile ile ya Kizungu. Jedwali dogo la mistari kumi na mbili linatosha kwa saa zote za kliniki, na muuguzi yeyote anaweza kulikagua kwa macho.

Neno "kesho" nalo liondoeni. Simu ikizimika chaji kwa siku mbili, meseji inasubiri kwenye mtandao, kisha inaingia siku ya kliniki yenyewe au siku inayofuata, na bado inasema kesho. Andikeni siku kwa jina na tarehe. Tarehe nayo msiandike 12/03. Andikeni "tarehe 12 mwezi wa 3", ndivyo watu wanavyosema.

Sasa namba ya simu, na hapa nitakaa kidogo. Fungueni kisanduku cha simu kwenye mfumo wenu wowote muone kilichomo. Mtakuta namba yenye tarakimu nane. Mtakuta namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju. Mtakuta maneno, "ya jirani" au "mume, piga jioni." Karani aliyeandika hivyo alikuwa anawafikiria watu wa kupiga simu, na kwa mtu wa kupiga simu yale maneno ni msaada mkubwa. Mashine ya kutuma meseji inataka 255 na tarakimu tisa, basi. Wenzetu wa Kenya ni 254 na tisa vilevile. Kwa hiyo tengenezeni visanduku viwili: kimoja cha namba kisichopokea kitu kingine chochote, na kingine cha maelezo. Yale maneno ya karani yahamishieni huko, msiyafute.

Namba iliyokaa vizuri bado inaweza kuwa si ya mgonjwa. Watu hubadilisha laini, wengine wana laini mbili na moja haina chaji wala vocha. Njia ninayoiamini ni ya zamani: mbipu akiwa amesimama mbele yako dirishani. Simu ikiita mkobani mwake, namba ni yake. Inachukua sekunde kumi, na nimeona foleni ya watu sitini ikiwezekana hivyo bila manung'uniko, maana kila mgonjwa akiona simu yake inaita anatabasamu. Hapo hapo muulize maswali mawili: "Simu hii unaishika peke yako?" na "Tukikutumia meseji ya kukukumbusha, ni sawa?" Majibu yaingizwe kwenye mfumo, kila jibu na kisanduku chake, na mfumo usitume kitu pale jibu la pili lilipo hapana au lisipokuwepo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa kwetu Tanzania, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria, kuna mwanamke anayetumia simu moja na shemeji zake, na anajua yeye kwa nini hataki.

Ndiyo maana meseji isitaje ugonjwa, dawa, wala jina la kliniki. Siku hizi hata watoto wa shule wanajua kwamba CTC ni kliniki ya matunzo na tiba ya VVU. Angalieni pia jina la mtumaji linalotokea juu ya meseji: mkisajili jina lenye kutaja huduma, mmeshasema kila kitu kabla meseji haijafunguliwa. Jina la mgonjwa pia mimi silitii, maana laini ikishachukuliwa na mtu mwingine, jina linamfikia asiyehusika. Sisi tunatumia maneno haya: "Habari. Tunakukumbusha siku yako ya kuonana nasi: Alhamisi tarehe 12 mwezi wa 3, saa 3 asubuhi. Ukipata udhuru, piga namba iliyo kwenye kadi yako."

Hizo ni herufi 146 ukihesabu na nafasi. Meseji moja inabeba 160, kwa hiyo tumo ndani. Ila kuna mtego. Zile 160 ni kwa herufi za kawaida za simu, na Kiswahili chote kinatosha humo. Ikiingia alama moja tu isiyo ya kawaida, mtandao unabadilisha mfumo wa kuandika na nafasi zinashuka hadi 70. Na alama yenyewe mara nyingi ni ile ya ng', kama kwenye neno ng'ambo! Ukiiandika kwenye programu ya kuandikia barua, inapindwa kama mkia wa koma, ukiinakili kwenye kiolezo inaingia hivyo hivyo. Meseji yenye urefu kama wa hii yetu inakatwa vipande vitatu, na unalipia vitatu. Kituo kilicho mahali panapoitwa Ng'ambo kinaweza kumaliza bajeti ya mwaka ndani ya miezi minne na kisijue sababu. Andikeni alama ile iliyonyooka, moja kwa moja ndani ya mfumo.

Tarehe ya kurudi inakaa wapi? Swali hili waulizeni wauguzi, msiwaulize watu wa kompyuta. Wengi wetu tunatumia OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, au mifumo iliyojengwa juu yake. Ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na Eldoret, Kenya, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kazini, mwaka 2006. Humo tarehe ya kurudi inaweza kuwa sehemu mbili: kwenye fomu aliyoijaza daktari siku ya mahudhurio, au kwenye sehemu maalumu ya miadi. Mkiunganisha meseji na sehemu ya miadi wakati wauguzi wanajaza fomu, zitatoka meseji chache mno, na mtadhani mtandao ni mbovu. Na kuna sehemu ya tatu, iliyo nje ya kompyuta: kadi ya mgonjwa. Tarehe ikibadilishwa kwa kalamu kwenye kadi na isibadilishwe kwenye mfumo, mgonjwa ana tarehe mbili, zote zimetoka kwetu.

Mtaniuliza kama meseji zinasaidia kweli. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalikusanya majaribio ya nchi mbalimbali yakaona mahudhurio yanaongezeka kuliko pasipo ukumbusho. Ila mimi jaribio ninalolipenda ni la jirani zetu Kenya, WelTel, lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Lilihusu wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kila wiki muuguzi alituma neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "sawa" au "shida", na aliyesema shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu. Waliotumiwa meseji, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, kwa 50 ya wenzao. Na walifubaza virusi asilimia 57 kwa 48. Kumeza dawa si sawa na kuhudhuria kliniki, najua. Lakini tazameni walichokifanya: waliuliza, na kulikuwa na mtu wa kusikiliza jibu. Kwa hiyo kabla hamjawasha mfumo, semeni ni nani atakayeshika simu ile iliyoandikwa kwenye kadi. Mgonjwa akipiga kuomba abadilishiwe siku na simu haipokelewi, hatapiga mara ya pili.

Msiongeze meseji mkidhani nyingi ndizo bora. Jaribio jingine la Kenya, la mwaka 2011, lilionyesha ukumbusho wa dawa wa kila wiki ulisaidia na wa kila siku haukusaidia. Kwa miadi sisi tunatuma mara mbili: siku tatu kabla, ili mtu atafute nauli na wa kumwachia watoto, na siku moja kabla.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, na naomba vijana wa TEHAMA mnisikilize. Kuna mama aliyepoteza ujauzito. Siku kumi baadaye ikamfikia meseji ya kumkumbusha kliniki ya wajawazito. Wodi ilikuwa inajua, daftari la wodi liliandikwa, lakini foleni ya meseji ilikuwa imepangwa tangu mwanzo wa mwezi, na hakuna aliyerudi kuitazama. Alikuja na mume wake. Hawakugomba. Mume alituomba tu tumtoe kwenye orodha, na mama alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, anaangalia chini.

Basi foleni isipangwe siku nyingi kabla. Mfumo utengeneze orodha asubuhi ile ile ya kutuma, na kabla ya kila meseji uangalie: huyu yu hai? Hajahamishiwa kituo kingine? Ujauzito bado upo? Tarehe haijasogezwa? Hajafika tayari wiki hii? Na taarifa za wodini ziingie kwenye mfumo siku hiyo hiyo, zisisubiri mwisho wa mwezi watu wa takwimu waje. Vilevile, seva ya majaribio isiwe na namba halisi hata moja. Badilisheni zote ziwe za simu zenu ninyi wenyewe kabla ya kujaribu chochote.

Nimewaletea mafaili hamsini ya mazoezi, ya kutunga, yenye makosa yote niliyoyataja. Kaeni wawili wawili, mtu wa masjala na mtu wa TEHAMA kwenye kompyuta moja, wauguzi mpite katikati. Tunaanza na kisanduku cha namba ya simu.