Kikao cha Desemba ndicho kilichonisomesha

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza nilipitia kwa wakala gani hadi nikapata kazi ya uuguzi hapa Leipzig, Ujerumani. Leo nitajibu, ingawa jibu lenyewe linaanzia mbali na ofisi ya wakala yeyote: linaanzia Marangu, kwenye kihamba cha babu, asubuhi ya tarehe 26 Desemba, siku ambayo ukoo wetu huketi kikao.

Kwa wale wasiotoka Kilimanjaro, kihamba ni shamba la nyumbani la kurithiwa, lenye migomba na mibuni inayokua chini ya kivuli chake. Babu alisomesha watoto wake kwa kahawa hiyo. Aliipeleka chama cha msingi cha wakulima, nacho kikaipeleka KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, na malipo yalipotoka ada ilikuwa imepatikana. Kizazi cha baba hakikuwa na bahati hiyo, kwa sababu mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa, uliopangia kila nchi kiasi cha kuuza, ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na baadhi ya majirani wakang'oa mibuni ili wapande mboga za kuuza sokoni. Tangu hapo hakuna mzazi mmoja katika ukoo wetu aliyeweza kubeba ada ya watoto wake peke yake, na kikao ambacho zamani kilijadili mipaka ya mashamba na mahari kikageuka kuwa kikao cha shule.

Shule ya msingi ya serikali iliondolewa ada nikiwa bado mdogo, mwaka 2002. Sekondari ya serikali iliendelea kutozwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, hadi utaratibu wa elimu bila ada hadi kidato cha nne ulipoanza mwaka 2016. Mkizitazama leo mtasema ni fedha ndogo, na kweli ada ndiyo iliyokuwa sehemu nyepesi. Kilichotuumiza ni michango, sare, godoro, madaftari na nauli ya kwenda na kurudi.

Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti, na shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa katibu mwenye daftari. Kikao kilifanyika kabla nyama haijaiva, kwa kuwa shangazi aliamini kwamba mtu aliyeshiba hukubali kila jambo na kulisahau jioni ile ile. Matokeo ya kila mtoto yalisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kisha mtoto mwenyewe akasimama na kueleza, na hapakuwa na ruhusa ya kumsemea. Kila mtu mzima alitaja kiasi atakachotoa na mwezi atakaokitoa. Asiye na fedha alitoa mbuzi, au chumba cha mwanafunzi huko Moshi mjini. Fedha ililipwa moja kwa moja shuleni, na stakabadhi ikarudishwa kwa shangazi. Mimi nimehudhuria mikutano mingi ya wafanyakazi tangu wakati huo, na sijaona katibu mkali kuliko yule.

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kuendelea hadi nisomee sheria. Shangazi aliniuliza ingechukua miaka mingapi, na nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni wangapi. Stashahada ya uuguzi ilikuwa ya miaka mitatu. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ililenga hasa wanafunzi wa shahada, kwa hiyo kila senti ya chuo ingetoka kwetu. Kikao kikaamua uuguzi. Nilinuna kwa muda mrefu, lakini leo, baada ya kuipenda kazi hii kwa dhati, nakubali kwamba walinipimia njia waliyoweza kuilipia.

Hata hivyo sitaki mnielewe kwamba ukaribu wa familia ni haki tupu. Dada yangu aliachishwa baada ya kidato cha nne kwa sababu mwaka huo fedha ilitosha mtoto mmoja, na aliyechaguliwa alikuwa kaka, ambaye alama zake zilikuwa za chini kuliko za dada. Katika daftari la shangazi jambo hilo limeandikwa kwa mstari mmoja. Dada alijifunza ushonaji, akafungua duka, na mchango wa cherehani yake ulinifikisha mwaka wa pili wa chuo. Aliponisomesha mimi hakuna aliyemuuliza kama naye angependa kurudi darasani.

Sasa habari ya Ujerumani. Nilisoma Kijerumani Dar es Salaam hadi kiwango cha B2, yaani cha kati cha juu, nikilala kwa binamu yangu Ubungo. Gharama hiyo nayo ilipitishwa kikaoni. Kazi niliitafuta mwenyewe katika tovuti za hospitali. Vyeti vilitafsiriwa, vikapelekwa kwa mamlaka ya jimbo, na palipoonekana pengo kati ya mafunzo ya kwetu na ya kwao nililizibia kazini kwa muda wa kujizoeza. Wengine huchagua mtihani badala ya kujizoeza. Kwa bahati ya kuchekesha, wamisionari Walutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kufungua shule huko walitumwa kutoka mji huu huu ninaokaa.

Nilipopokea mshahara wa kwanza simu zilianza, kila ndugu akiomba kwa siri yake. Nilikataa kutuma kwa mtindo huo, nikaomba kila hitaji lipelekwe kikaoni, ambako nami nahudhuria kwa simu ya video. Wapo walioniita mwenye majivuno, na wawili hawajanisemesha hadi leo. Lakini anayeomba mbele ya watu hueleza matumizi, na dada yangu, ambaye sasa ndiye katibu, hudai stakabadhi kama shangazi alivyodai.

Tangu mwaka 2022 ada imeondolewa hadi kidato cha sita, kwa hiyo mzigo wetu umehamia vyuoni. Desemba hii mtoto wa kaka ataomba kusomea utengenezaji wa filamu, na baba mkubwa ameshasema hapana. Mimi nitamuunga mkono kijana, mradi aje na orodha ya gharama. Ajenda ya pili ameiweka dada mwenyewe: anataka kufanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na ada yake nimeomba niilipe mimi.