Ukurutu wa Mtoto Mdogo: Kuoga, Kupaka Mafuta na Kupanga Nyumba

Karibuni. Video hii ni ya mzazi, yaya, shosho, au yeyote yule anayemwogesha na kumvisha mtoto mwenye ukurutu, yaani eczema. Weka tayari vitu hivi: karai, jagi la lita moja, taulo laini la pamba, kopo la mafuta mazito yasiyo na manukato, kijiko safi, kikata kucha, na nguo za kulalia. Vyote viwe karibu kabla mtoto hajavuliwa nguo, kwa sababu kuna hatua moja hapa isiyosubiri.

Kwanza hakikisha ni ukurutu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hutauona. Tafuta sehemu iliyokolea weusi kuliko zingine, au yenye rangi ya zambarau au kijivu, iliyokauka, na yenye vipele vidogo vinavyokwaruza ukipitisha kidole. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, kwenye paji la uso na nje ya mikono na miguu. Mahali pa nepi mara nyingi hubaki salama. Akipita miaka miwili huhamia kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, vifundo vya mikono na shingoni.

Upele wa kuambukizana (scabies) ni kitu kingine. Huo huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na kwa mtoto mchanga hushika hata viganja na nyayo. Ukiona na watu wengine nyumbani wanajikuna, nendeni kituo cha afya wote. Choa nacho hufanya duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pametulia. Tunasisitiza hili kwa sababu krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza ukurutu, ikipakwa juu ya choa, choa husambaa.

Ukurutu hauambukizi. Ngozi ya mtoto huyu ni ukuta wa mawe uliobanduka saruji: maji ya mwilini yanatoka, na sabuni, vumbi na viini vinaingia. Ndiyo maana inakauka, inawasha, mtoto anajikuna, na kule kujikuna kunabomoa zaidi. Kazi yetu yote nyumbani ni kuziba nyufa hizo kila siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Nairobi kazi hii ni kubwa kidogo, kwa kuwa tuko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa huwa kavu, hasa Januari na Februari. Baridi ya Juni hadi Agosti nayo inatufanya tuoge maji ya moto mno.

Sasa tuoge. Tazama karai. Maji baridi yanatangulia kila mara, ya moto yanafuata, ili mtoto asije akatumbukia kwenye maji yanayochemka. Kipimo ni jagi tatu za maji ya mfereji kwa jagi moja ya maji yaliyochemka sasa hivi. Kwa karai la lita kumi na mbili, hiyo ni jagi tisa baridi na tatu moto. Ukichanganya hivyo utakaribia nyuzi 37, joto la mwili. Kama tangi limepigwa na jua mchana kutwa, punguza ya moto. Koroga vizuri, kisha chovya kiwiko. Kiwiko kisihisi joto wala baridi. Kikihisi joto, maji hayo ni ya moto mno kwa ukurutu: yanayeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuamsha mwasho nusu saa baadaye.

Usitie kitu kwenye maji hayo. Dawa ya kuua viini inayogeuza maji kuwa meupe inachoma ngozi iliyopasuka. Chumvi pia inachoma. Kuna ushauri unaozunguka wa kutia jiki kidogo. Hiyo ni tiba ambayo daktari huipima kwa ukubwa wa bafu na nguvu ya dawa, na ukikisia kwenye karai utamuunguza mtoto. Acha.

Sabuni ya kipande, ile ile tunayofulia na kuogea, ina ukali wa magadi, na ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Kila ukiipaka unaondoa saruji iliyobaki. Badala yake chukua krimu nzito isiyo na manukato, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ilainishe kwa maji kiganjani, na umwoshee kama sabuni. Kama ni lazima sabuni, tafuta isiyo na harufu na uitumie kwapani, makalioni, miguuni, basi. Tumia mkono wako mtupu. Dodoki, brashi na kitambaa cha nailoni vikae mbali.

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Nywele zioshwe mwishoni, mtoto akiwa amesimama, ili povu la shampuu lisikae kwenye maji aliyokalia. Mara moja kwa siku inafaa. Siku ambayo mfereji hauna maji, mpanguse uso, mikunjo na makalio kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, kisha endelea na hatua inayofuata bila kuiruka.

Hatua hiyo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Mtoe, mfunike na taulo, bonyeza bonyeza. Usisugue. Muache na unyevunyevu, ngozi ing'ae kidogo. Kuanzia hapo una kama dakika tatu kabla maji hayajapaa na kuiacha ngozi kavu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuoga. Ndiyo sababu kopo lilikuwa karibu.

Chota kwa kijiko. Vidole vikiingia koponi vinaingia na viini, na baada ya wiki mbili unampaka mtoto uchafu wake mwenyewe. Pasha mafuta katikati ya viganja, weka nukta nukta mwilini, kisha shusha mkono kufuata vinywele: begani kwenda kiganjani, pajani kwenda mguuni. Ukipaka kwa kuzungusha na kusugua, mafuta huziba vinyweleo na kuleta vijipu vidogo. Yaache yang'ae juu, yatanywewa taratibu. Paka mwili mzima. Sehemu nzuri ya leo ndiyo inayopasuka kesho.

Kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtoto mdogo mwenye ukurutu ulioenea anahitaji gramu 250 hivi kwa wiki. Kwa hivyo kama kopo la gramu 250 linakaa mwezi mzima, usiseme mafuta hayafanyi kazi; hayajapakwa. Paka angalau mara mbili kwa siku, baada ya kuoga na asubuhi, na tena mchana kama ngozi inakwaruza.

Mafuta yapi? Ya mgando, meupe au ya rangi ya asali, yasiyo na manukato, yanatosha na bei yake inavumilika. Shida yake ni joto na kunata, kwa hivyo mchana wa Februari unaweza kutumia krimu nyepesi zaidi na kubakiza mafuta mazito usiku. Losheni ya maji maji inayomiminika hukauka haraka na haimtoshi mtoto huyu. Mafuta ya zeituni yaache jikoni; yana asidi inayolegeza ngozi badala ya kuiziba. Poda ya mtoto inanyonya unyevu, na maandishi ya "kwa watoto" kwenye chupa hayamaanishi haina manukato. Geuza chupa usome viungo. Kipya chochote kijaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha mkono kwa siku mbili tatu.

Tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: mafuta ya mgando na krimu nzito huingia kwenye nguo na mashuka, na kitambaa kilicholowa mafuta hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi. Kufua kunapunguza, hakumalizi. Mtoto aliyepakwa asisogee kwenye jiko, mshumaa, koroboi wala hita.

Twende kwenye nguo. Hapa Nairobi mtoto huvishwa fulana, sweta, jaketi na kofia ya mavin, kisha akafungwa mgongoni kwa leso, eti asipigwe na baridi. Jasho na joto ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha mwasho haraka. Mvishe nguo nyepesi za pamba kwa tabaka, ili jua likitoka saa nne uvue moja. Gusa shingo kwa nyuma: ikiwa na jasho, amezidishiwa. Sweta ya sufu au ya nyuzi za nailoni isiguse ngozi. Pawe na fulana ya pamba ya mikono mirefu ndani, hata kama sweta ni ya shule. Kata vibandiko vya shingoni. Nguo za mtumba ni sawa kabisa, nyingi ni pamba nzuri iliyolainika, ila zifuliwe kwanza na kusuuzwa mara mbili.

Tukija kwenye kufua, tatizo kubwa ni sabuni inayobaki kwenye nguo. Punguza sabuni ya unga hadi nusu ya unayotia sasa, chagua isiyo na harufu, na uikoroge ikayeyuka yote kabla nguo hazijaingia. Suuza mara mbili, na ya tatu kama maji bado yanateleza vidoleni. Maji yakiwa ya mgao, fua nguo za mtoto kwanza na utumie maji ya mwisho kwa nguo za watu wazima. Dawa ya kulainisha nguo iondoke kabisa nyumbani. Anika juani. Wakati wa mvua ndefu usianike kwenye chumba anacholala. Unyevu huo unaleta ukungu ukutani.

Kitanda: shuka la pamba chini, na blanketi la manyoya livikwe ndani ya shuka au leso, lisiguse ngozi. Fua matandiko kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60, ambayo huua wadudu wadogo wa vumbi. Lile zulia la manyoya la sebuleni anapotambaa, liondoe au litandikie shuka la pamba. Panguza vumbi kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa ukifagia kukavu unalirusha hewani. Sigara, ubani na dawa ya mbu ya moshi viwe mbali na mtoto. Jiko la makaa lisiingie chumbani hata siku ya baridi kali: moshi unachokoza ngozi, na hewa yake inaua.

Kucha zikatwe kila wiki baada ya kuoga, zikiwa laini, kisha ulainishe ncha. Usiku mvalishe soksi safi za pamba mikononi. Mwasho ukipanda, usimpigie kelele aache kujikuna, hawezi. Mwekee kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya baridi na kukamuliwa, dakika tano, halafu paka mafuta. Dawa ya maji ya mzio inayolaza usingizi haitibu ukurutu. Usimpe kila usiku bila kumwuliza daktari.

Chakula ni kifupi. Usimkatie maziwa, mayai au njugu kwa kukisia. Mtoto anayekua anapungukiwa na lishe, na ngozi inabaki vilevile. Ukiona amevimba midomo, ametapika au ametokwa na vipele muda mfupi baada ya kula kitu fulani, hilo lipeleke kwa daktari. Nyanya, machungwa na mate huchoma ngozi ya kidevu. Paka mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla ya kula na upanguse taratibu baadaye.

Daktari akiandika krimu ya steroidi, itumie jinsi alivyosema. Kwa mtoto mara nyingi huanza na ile hafifu, hidrokotisoni. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka palipoamka tu, na pawe na nafasi ya dakika 20 hadi 30 kati yake na mafuta. Wengi wanaiogopa, wanapaka tone, na ukurutu unakaa miezi. Hatari yenyewe iko kwenye tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kemisti bila cheti cha daktari, na kwenye krimu za kung'arisha: mara nyingi zina steroidi kali. Ngozi ya mtoto inanawiri siku tatu, halafu inakuwa nyembamba na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Mabaka meupe yanayobaki ukurutu ukitulia hayahitaji dawa. Rangi hurudi kwa miezi.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, au ngozi yenye joto inayosambaa pamoja na homa. Ukiona malengelenge madogo yamekusanyika, yanauma, yanapasuka na kuacha vishimo vya duara, usingoje asubuhi. Hicho ni kirusi kile kile cha vidonda vya homa mdomoni, na kwa mtoto wa ukurutu ni hatari, hasa karibu na macho. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye vidonda hivyo asimbusu mtoto wala wasitumie taulo moja.

Mwisho, kituo cha kulelea watoto anakoshinda. Jaza kopo dogo, libandike jina lake, andika "mwili mzima, saa sita, chota kwa kijiko", na uweke kijiko ndani ya mfuko safi. Peleka pia krimu yake ya kunawia mikono, maana sabuni ya pale ni ya kila mtu. Mwonyeshe mlezi kwa mkono wako jinsi ya kushusha mafuta kufuata vinywele, na jioni ukimchukua mtoto, fungua kopo uone limepungua kiasi gani.