Msimtazame Tyson, Mtazameni Tillis

Mabibi na mabwana, karibuni. Usiku wa pambano macho yetu yote huwa ulingoni, na ndivyo inavyopaswa. Leo lakini nataka tumzungumzie mtu ambaye kazi yake ilikwisha miezi miwili kabla ya kengele kugongwa. Ni yule aliyepiga simu, akauliza nani yupo, ana kilo ngapi, anatumia mkono gani, akasema: huyu anatufaa. Mpangaji wa mapambano. Kocha humfundisha bondia kurusha ngumi, lakini huyu ndiye anayeamua ngumi hizo zitamfikia nani, na lini.

Chukueni Mike Tyson. Aliingia ngumi za kulipwa Machi 1985, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepigana mara 15. Wengi hawakuiona raundi ya pili. Watu hucheka wakisikia majina ya wapinzani wale, wanasema alipewa vibonde. Ni kweli, alipewa. Lakini ukimwangusha mtu kwa dakika moja unajifunza nini? Kwamba una nguvu, jambo ulilokuwa unalijua tangu mazoezini. Ndiyo maana mimi pambano lake ninalolipenda ni la Mei 1986, dhidi ya James Tillis. Tillis hakuanguka akabaki chini kama wenzake. Alizunguka, akakumbatia, akajibu, wakamaliza raundi zote kumi, na Tyson akashinda kwa pointi. Siku chache baadaye, mwezi huohuo, akapewa Mitch Green, na huyo naye akamaliza naye raundi kumi. Novemba mwaka huo Tyson alimwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili na kuchukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, akiwa na miaka 20. Dunia inakumbuka Berbick akiyumba. Mimi nasema mkanda ule ulianza kuiva Mei, usiku ambao kijana aligundua kwamba kuna watu hawaanguki.

Kuna mabondia wanaoishi kwa kazi hiyo ya kuwapima vijana. Rekodi zao zimejaa vipigo, lakini usiwadharau. Wanajua kukusukuma kwa bega, kukukanyaga kiatu refa akiwa upande wa pili, kukulalia mpaka mikono ikuume. Kijana akitoka hapo na ushindi wa pointi, mashabiki wanamzomea kwa nini hakumaliza. Mwalimu wake anarudi nyumbani akitabasamu.

Je, shule hiyo inaweza kurukwa? Vasyl Lomachenko alijaribu. Alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, akataka ubingwa wa dunia katika pambano lake la pili tu la kulipwa. Machi 2014 akakutana na Orlando Salido, mzee wa fitina za ulingoni, ambaye kwenye mizani alizidi uzito uliotakiwa. Salido akampiga chini ya mkanda, akamkumbatia, akamlalia, na majaji wawili kati ya watatu wakampa ushindi. Miezi mitatu baadaye Lomachenko alimshinda Gary Russell Jr. na kuwa bingwa. Kwa hiyo Salido alikuwa Tillis wake, ila ada ya shule ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye ile sifuri. Floyd Mayweather alistaafu na rekodi ya 50-0, yaani ushindi hamsini na vipigo sifuri, na tangu hapo kila promota anaitaka sifuri hiyo kwa kijana wake. Wanasahau 2007. Mwaka huo aliyekuwa akivuta watazamaji ni Oscar De La Hoya, na Mayweather alipanda uzito kumfuata huko aliko. Akashinda, majaji wawili kwa mmoja, mbele ya watazamaji waliolipia zaidi ya mara milioni mbili majumbani kwao. Kuanzia hapo yeye ndiye akawa mwenye kupanga masharti. Baadaye alichagua pia saa: Canelo Álvarez alikutana naye 2013 akiwa na miaka 23, na kwa uzito wa makubaliano, si wa daraja la kawaida. Manny Pacquiao alipatikana 2015, baada ya miaka ya mazungumzo, na baada ya Juan Manuel Márquez kumlaza kifudifudi. Ni hila? Ni ustadi? Kwangu mimi ni vyote viwili. Canelo, kwa taarifa yenu, alipoteza sifuri yake usiku ule na akawa nyota mkubwa zaidi baada yake.

Kukwepa nako kuna bei. Desemba 1992 Riddick Bowe alitupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka jijini London kuliko kupigana na Lennox Lewis, ambaye ndiye aliyemshinda Bowe katika fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988. Akawachagua Michael Dokes na Jesse Ferguson, wote wakaisha upesi. Novemba 1993 Evander Holyfield akamnyang'anya mikanda iliyobaki. Ukimtaja Bowe leo, mtu wa kwanza kuulizwa ni Lewis, ambaye hawakupigana kamwe katika ngumi za kulipwa.

Na wakati mwingine anayechaguliwa hana habari kwamba alichaguliwa apigwe. Septemba 2018, mjini Birmingham, Mtanzania Hassan Mwakinyo aliwekwa mbele ya Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa kwao. Raundi ya pili refa akasimamisha, na aliyesimama ni Mwakinyo. Mwaka uliofuata Andy Ruiz aliitwa kuziba pengo mbele ya Anthony Joshua mjini New York, akamwangusha mara nne. Wapangaji nao hukosea hesabu.

Naona muda unakwenda. Tuzime taa, nina video ya pambano la Tillis hapa, raundi kumi zote. Nawaomba kitu kimoja: msimtazame Tyson.