Namba Ni za Nkambo Mwenyewe

FUNDI: Karibuni tena. Leo tunarekodi Kamalondo, hapa Lubumbashi, chumba cha nyuma, kwa hiyo mkisikia pikipiki zikipita mtuwie radhi. Niko na yaya wangu, dada yangu mkubwa, muuguzi aliyewapima wazee wa Lubumbashi tansiyo, yaani presha ya damu, miaka na miaka. Mimi natengeneza telefone, mtaa wa Kenya wa hapa hapa mjini. Tunaongea juu ya wazee wanaokaa peke yao, au wanaoshinda peke yao, wenye tansiyo na sukari, na hizi mashine ambazo watoto wanawanunulia.

YAYA: Asante, mdogo wangu. Nianze na jambo nililolikuta Katuba. Niliitwa kwa nkambo mmoja, yaani bibi, mama aliyeshapita miaka sabini. Mtoto wake aliye Afrika Kusini alimtumia mashine nzuri ya kupima tansiyo, ile ya mkanda wa mkono. Nikamkuta ameketi kitandani, amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshawaaga majirani. Unajua kwa nini? Miaka yote kituo cha afya kilimwambia, "Mama, uko kumi na nne juu ya tisa." Sasa mashine inamwandikia 140, chini yake 90. Akaona tansiyo imepanda mara kumi.

FUNDI: Kumbe ni kitu kile kile!

YAYA: Kile kile. Huku kwetu tumezoea kuhesabu kwa sentimita za zebaki, mashine inahesabu kwa milimita. Kumi na nne ni 140. Nilichukua daftari la mjukuu wake nikamchorea mistari miwili, namba ya kituo huku, namba ya mashine huku. Alicheka mpaka machozi. Lakini alikuwa amelala siku mbili na hofu ile, na hofu yenyewe inapandisha tansiyo. Mashine ilitumwa, dakika kumi za kuieleza hazikutumwa. Mimi hilo linaniuma.

FUNDI: Linaniuma na mimi, kwa sababu nimelifanya. Nkambo wangu mimi nilimpa telefone kubwa ya kugusa. Nikamwekea programu ya kukumbusha dawa, imeandikwa Kiingereza, nikaona nimefanya kazi ya mtoto mwema. Baada ya mwezi nikaikuta sandukuni, imefungwa ndani ya leso, betri imeisha. Alikuwa anagusa kioo, kioo hakiitiki. Nikashika vidole vyake. Yaya, vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini ni vikavu kama gome. Kioo cha kugusa kinatafuta ngozi yenye unyevu, pale hakioni kitu. Na mimi ni fundi, nilipaswa kujua.

YAYA: Ukafanyaje?

FUNDI: Nilirudi kwenye telefone ndogo ya vitufe. Ina tochi kichwani, na chaji inakaa siku nne, tano. Hapa kwetu umeme unaweza kuondoka usiku urudi kesho jioni, kwa hiyo hilo ni jambo kubwa kuliko rangi za kioo. Nikaweka kengele mbili, moja alfajiri, moja jioni. Halafu kitufe cha 2: akikibonyeza na kukishikilia, inampigia mama jirani. Hampigii mjukuu wa Kolwezi.

YAYA: Hapo nisimame kidogo, kwa sababu wengi wanaweka namba ya mtoto aliye mbali. Nkambo ameanguka bafuni, anampigia mtu wa Johannesburg, mtu wa Johannesburg anatafuta namba ya mtu wa hapa, saa inapita. Namba ya kwanza iwe ya mtu ambaye ukipiga kelele anasikia. Mtoto awe wa pili.

FUNDI: Na telefone ikae mwilini. Mimi nilishona kamba, anaivaa shingoni hata akienda chooni usiku.

YAYA: Vizuri. Lakini kengele inasema saa, haisemi kidonge kipi. Ndiyo maana nataka na kile kisanduku cha vyumba saba. Ukikikosa, chukua vichupa saba safi, uandike siku. Jumapili mnakijaza pamoja, yeye na mtu mmoja. Asubuhi akisahau kama amekunywa, anaangalia chumba cha leo. Kikiwa kitupu, amekunywa. Na akikuta jana alisahau, asinywe viwili leo kulipa deni. Nimeona watu wakizimia kwa deni hilo.

FUNDI: Turudi kwenye mashine ya tansiyo. Watu wananiletea kibandani, "Fundi, imeharibika, asubuhi 165, baada ya robo saa 138."

YAYA: Mara nyingi haijaharibika. Niambie alivyopimwa. Alitoka kisimani? Alikuwa anaongea? Alibana mkojo? Yote hayo yanapandisha. Mwacheni nkambo aketi dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini, asiikunje. Mkono juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya pulova. Mwezi wa sita hapa baridi inauma, watu wanapima juu ya nguo tatu. Hakuna kuongea. Apime, angoje dakika moja, apime tena, aandike zote mbili.

FUNDI: Na hizi za kifundo cha mkono?

YAYA: Nilimnunulia mama yangu moja. Ni nyepesi, nikaona itamfaa. Kila siku ananiambia namba za kutisha, na mimi kila siku namgombeza kwenye telefone: umekula makayabo, samaki wa chumvi, umezidisha chumvi. Mwisho nikaenda kumwona anavyopima. Mkono ulikuwa umelala mapajani. Mashine ya kifundo ikiwa chini ya moyo inasoma juu kuliko ukweli. Nilimwinulia mkono mpaka kifuani, namba ikashuka. Mama yangu alikuwa ameacha kula samaki wiki tatu kwa sababu ya kosa langu. Nilimwomba msamaha. Tangu siku hiyo nasema: ukiweza, nunua ya mkono wa juu, na mkanda ulingane na unene wa mkono wake.

FUNDI: Namba gani imtoe mtu nyumbani?

YAYA: Nyumbani, wastani wa siku kadhaa ukifika 135 juu ya 85 na kupanda, mpeleke daftari kwa daktari, bila mbio. Lakini 180 juu ya 120, pamoja na kifua kuuma, au mdomo kwenda upande, au mkono mmoja kukosa nguvu, au maneno kukwama, hapo hakuna kupima tena. Hospitali, kwa gari la yeyote.

FUNDI: Sukari sasa. Hapo najua kidogo tu.

YAYA: Kwenye sukari, mashine ni rahisi, kazi iko kwenye bandeleti, vile vijikaratasi vyembamba. Kila mashine ina zake. Mtoto ananunua mashine ya bei nafuu, halafu bandeleti zake hazipatikani farmasi yoyote ya mji. Anza kwa kuuliza bandeleti, mashine ije baadaye. Na kopo lake lifungwe saa ile ile. Msimu wa mvua unyevu unaziharibu, zinaanza kusema uongo.

FUNDI: Na maembe?

YAYA: Ndiyo, nilikusimulia. Mwezi wa kumi na mbili, mzee mmoja wa Ruashi, aliyewahi kufanya kazi Gécamines, kampuni ya madini, mtu wa utaratibu, kila kitu anaandika. Mashine inamwonyesha 310, kwa hesabu ya mg/dL. Anajisikia mzima, hana kiu, haendi chooni sana. Nikamuuliza, "Baba, kabla ya kupima ulikuwa unafanya nini?" Alikuwa anamenyea wajukuu maembe. Alikuwa amepangusa mikono kwa kitambaa. Akanawa kwa maji na sabuni, akakausha, akatoboa kidole kingine, ubavuni ambapo hapaumi sana. Ikaja 142. Ile sukari ya kwanza ilikuwa ya embe, kwenye ngozi. Fikiria angekuwa anadunga insulini kwa kufuata ile 310.

FUNDI: Angeanguka.

YAYA: Angeanguka. Kuanguka kwa sukari ndiko kunakoniogopesha kwa mtu anayelala peke yake. Ikiwa chini ya 70, jasho, mikono inatetemeka, akili inachafuka: vipande vitatu vya sukari au nusu glasi ya soda yenye sukari, angoje robo saa, apime tena. Hiyo soda ikae karibu na kitanda, isinywewe na watoto.

FUNDI: Kuna aliyetuuliza juu ya insulini na friji. Umeme ukikatika anaiweka kwenye friza ili ishike baridi.

YAYA: Hapana, hapana. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka digrii 2 mpaka 8. Ile unayoitumia inaweza kukaa nje wiki nne ikiwa mahali pa baridi. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa nchi ya Kenya, wakatoa matokeo 2021: insulini iliyopitia digrii 25 mpaka 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo chungu chetu cha udongo kinafaa sana. Hasa mwezi wa kumi, joto kali na hewa kavu, maji yanayokauka kwenye udongo yanapoza vizuri. Chupa iwe ndani ya kitu kisichopitisha maji.

FUNDI: Mimi nataka tufike kwenye lile linalonigusa, la nani anapokea namba. Senegal, mwaka 2014, walianzisha mDiabète: wenye sukari walipokea ujumbe mfupi wa bure kwenye telefone, hasa karibu na Ramadhani, jinsi ya kula na kunywa dawa. Ujumbe ulienda kwa mgonjwa mwenyewe. Huku kwetu nkambo wengi hawasomi maandishi madogo, basi tunaweza kutumia sauti. Mjukuu anarekodi, anamtumia kwa WhatsApp, mega chache tu.

YAYA: Kwa sauti ya mjukuu atasikiliza mara tatu. Lakini kuna watoto wanataka namba ziende kwao tu. Yule wa Katuba, binti yake alikuwa anasubiri picha ya kioo kila asubuhi. Ikipita 140 anapiga simu kugomba. Nkambo akafanyaje? Akaacha kupima siku mbaya. Anapiga picha siku nzuri tu. Mashine ikawa ya kumfurahisha binti.

FUNDI: Ni uchungu huo.

YAYA: Mzee anayetaka kuishi kwake, kupika bukari yake, ule ugali, kulima lenga-lenga zake, mchicha wake, namba ni chombo chake cha kazi. Asome kwanza yeye, aelewe yeye, aamue yeye kama leo anapumzika au anaenda. Halafu atume akitaka. Nilimwambia yule binti, ukipokea namba, swali la kwanza liwe "umelalaje, mama?"

FUNDI: Nilikuwa nimepanga kwenda kumwekea nkambo wangu telefone inayotuma namba yenyewe, bila yeye kugusa.

YAYA: Umemuuliza?

FUNDI: Bado.

YAYA: Basi muulize. Akisema hapana, mwachie daftari na kalamu.

FUNDI: Nitaenda Jumapili.

YAYA: Nenda baada ya misa, ila usifike mapema. Akishapima na kunywa dawa, anashuka bustanini mpaka jua likaze. Usimpigie, ana matope mikononi. Keti kwenye kigoda pale mlangoni, atarudi.