Gamba la nungu wa bahari: kuosha, kumulika na kubebesha mzigo

Haya, karibuni, tuko Malindi na maji yamekupwa. Tunataka gamba la nungu wa bahari, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, aliyekwisha kufa, lililotupwa ufuoni na mawimbi. Walio hai waacheni, na ndani ya hifadhi ya bahari msiokote hata gamba tupu. Miiba iliyosalia ng'oa, suuza, basi.

Sasa jiki. Sikilizeni hapa! Jiki kikombe 1, maji vikombe 3, dakika 10, na usiondoke kwenda kuteleka chai. Gamba hili ni vibamba vya kalsaiti, yaani madini ya chokaa, vilivyoshikana kwa mishono, na ndani ya mishono mna nyuzi za kolajeni, aina ya protini. Jiki hula uchafu kwanza, kisha hula nyuzi. Ukilisahau hadi asubuhi utakuta vigae bakulini. Narudia: dakika 10, toa, suuza. Na siki msilisogeze karibu, siki huyeyusha kalsaiti yenyewe.

Kausha kivulini siku 2. Kisha washa tochi ya simu, funika kwa gamba, tundu la mdomo chini. Ngoja... hamuoni kitu, eh? Nizime taa. Haya! Mistari 5 ya nukta. Kila jozi ya vitundu ni njia ya mguu mmoja laini wa kunyonya. Katikati yake kanda 5 zisizo na vitundu. Kanda zote, zenye vitundu na zisizo navyo, ni 10; kila ukanda una safu 2 za vibamba, jumla safu 20. Na hivi vinundu ndivyo vilivyobeba miiba, kama nyonga na kikombe chake.

Hiki kipande kilichovunjika kisogeze kwenye lenzi. Kama mkate wa chila kabisa, matundu matupu! Ndiyo maana ni chepesi, na ufa ukiingia kwenye tundu hupungua makali.

Mzigo sasa. Gamba juu ya kata, ile pete ya nguo ya kubebea mzigo kichwani, mdomo chini, kitambaa juu, kisha sufuria. Mimina nusu lita ya maji, tulia, mimina nyingine. Kila nusu lita ni nusu kilo. Uzito unateremka pande zote, kama kuba la msikiti. Lakini kidole kimoja kikibonyeza katikati ya kibamba, kimetoboa. Aa, sufuria imelala upande! Toa, toa. Mzigo ukiegemea upande mmoja si kipimo tena. Mnaona ufa? Umefuata mshono, na hili ni lile lililozidishiwa jiki.

Wa kutengeneza taa: gundi ya mbao kijiko 1, maji vijiko 2, paka ndani tu. Ukipaka nje inang'aa kama plastiki, mimi siipendi.